Mjumbe Asome Mwenyewe: Kurekebisha Maandishi ya Tovuti

(Mada iliyotolewa na Mratibu wa Miradi wa Dayosisi katika semina ya kamati za sharika)



Mada yangu inahusu maandishi madogo kwenye kompyuta na simu. Mtu anaweza kudhani ni jambo dogo. Lakini siku hizi fomu nyingi za kuomba ruzuku, taarifa za benki na miongozo ya miradi hupatikana kwenye tovuti. Mjumbe asiyeweza kuzisoma husomewa na kijana wa ofisini, kisha hutia sahihi. Kijana huyo anaweza kuwa mwaminifu kabisa. Hata hivyo, kamati ya watu saba inayotegemea macho ya mtu mmoja haijasimamia mradi, imesimuliwa tu.

Kwa nini tunashindwa kusoma

Kuanzia umri wa miaka 40 hivi, lenzi ya jicho huwa ngumu na hushindwa kubadilika vizuri ili kuona vitu vya karibu. Hali hii humpata kila mtu, na si aibu. Pamoja na hayo, baadhi ya watengenezaji wa tovuti huweka herufi ndogo, tena za rangi ya kijivu juu ya karatasi nyeupe.

Habari njema ni kwamba mtengenezaji wa tovuti hana kauli ya mwisho. Kivinjari, yaani programu ya kufungulia tovuti kama Chrome au Firefox, kimewekewa njia za kumruhusu msomaji apange maandishi anavyotaka. Tena mwaka 2008 shirika la W3C, linaloandaa viwango vya mtandao, lilitoa mwongozo unaotaka maandishi ya tovuti yaweze kukuzwa hadi asilimia 200 bila kupoteza kitu. Kwa hiyo unapokuza maandishi huharibu chochote. Unatumia kilichowekwa kwa ajili yako.

Hatua za kufuata

1. Kwenye kompyuta, shikilia kitufe cha Ctrl kisha bonyeza alama ya kujumlisha (+). Ukurasa utakua. Rudia hadi usome bila kukunja uso. Alama ya kutoa (-) hupunguza, na sifuri (0) hurudisha ukubwa wa awali.

2. Ukitaka tovuti zote ziwe na herufi kubwa, fungua Chrome, bonyeza vitone vitatu vilivyo juu kulia, ingia Mipangilio, kisha Mwonekano, utafute ukubwa wa fonti. Katika Firefox bonyeza mistari mitatu, ingia Mipangilio, na uchague kiasi cha kukuza kurasa zote.

3. Kwenye simu ya Android yenye Chrome, bonyeza vitone vitatu, ingia Mipangilio, kisha sehemu ya ufikivu. Utakuta mstari wa kusogeza ili kuongeza ukubwa.

4. Ukurasa ukiwa umejaa matangazo, Firefox ina hali ya usomaji. Alama yake, yenye sura ya karatasi, hutokea kwenye mstari wa anwani. Ukiibonyeza, matangazo hupotea na kubaki habari yenyewe, nawe huchagua ukubwa wa herufi na rangi ya karatasi.

Kazi hii haihitaji fedha wala programu mpya. Akitokea mtu wa kuwauzia programu ya kukuza maandishi ya tovuti, mwambieni mnayo tayari.

Mambo ya kuangalia

Hali ya usomaji inafaa kwa habari ndefu, lakini haifai kwa kujaza fomu, maana visanduku vya kujazia vinaweza kutoweka. Vilevile, ukurasa uliokuzwa sana unaweza kuficha sehemu ya jedwali upande wa kulia. Kabla ya kukubali hesabu yoyote, sogeza ukurasa uone safu zote.

Tena, kukuza herufi si tiba ya macho. Mtoto wa jicho huongezeka polepole, na presha ya macho inaweza kuharibu uwezo wa kuona bila maumivu yoyote. Mwenye kuona ukungu, au anayelazimika kuongeza ukubwa kila mara, aende hospitali akapimwe.

Mapendekezo

Kwanza, katibu wa kila usharika atenge nusu saa kabla ya kikao kijacho, awaonyeshe wajumbe hatua hizi, na kila mmoja abonyeze kwa mkono wake mwenyewe.

Pili, kabla ya kutia sahihi waraka uliotoka kwenye tovuti, angalau wajumbe wawili wausome wenyewe.

Tatu, kwa ndugu zetu wafadhili: tunaomba miongozo yenu iwekwe kama maandishi ya kawaida, si picha ya karatasi iliyopigwa. Picha ikikuzwa herufi hufifia, na hali ya usomaji haiwezi kuzisoma.

Ndugu wajumbe, waumini wametukabidhi fedha zao wakiamini kwamba tunaona zinakokwenda. Basi tuone kwa macho yetu.