Bieli ya mashini yetu: neno mbele ya kutuma feza

Mashini ya kusaga mihogo imesimama, bieli ilikatika. Familia zilizorudi mwezi huu zinatwanga kwa mikono. Bieli ndiyo ule mkono unaounganisha pistoni na vilbrekeni, inasukumwa na kuvutwa bila kupumzika. Kwa hiyo siye tunataka ya kufuliwa, hapana ya kumiminwa.

Kufua ni hivi: chuma cha moto, karibu digrii 1,200, kinagandamizwa kati ya kalibu mbili mpaka kinajaza umbo, na nyuzi zake zinafuata mwili wa kipande. Cha kumiminwa kinaweza kubakia na vitundu ndani, hauvioni.

Muuzaji mmoja alisema atatufulia moja tu. Tulikataa. Kalibu zile zinachongwa mu chuma kigumu, bei kali sana. Kiwanda kinarudisha gharama kwa kufua maelfu. Tutafute iliyo tayari, kwa namba ya motere. Mukiwa dukani muangalie ubavuni: alama pana iliyokatwa, mara nyingi ni ya kufuliwa, mstari mwembamba ulioinuka, muache. Na mbele mtunza feza atoe kitu, fundi apime ile ya zamani: shimo kubwa, shimo dogo, na urefu toka katikati ya moja mpaka katikati ya lingine.