Mwalimu afundishwe kompyuta lini?



Mnakumbuka Sensa ya Agosti 2022. Makarani walipita nyumba hadi nyumba na vishikwambi mikononi, na kazi ilipokwisha Serikali ikaamua vifaa hivyo wapewe walimu. Uamuzi mzuri. Lakini kupewa chombo ni jambo moja, kukitumia darasani ni jingine, na ndiyo maana leo nataka tuulizane: mwalimu huyu afundishwe lini?

Ukiuliza maofisini, jibu huja haraka: likizo. Eti shule zikifungwa mwalimu hana kazi. Hivi aliyesema hivyo amewahi kuishi na mwalimu? Mimi jirani zangu wawili ni walimu. Desemba mmoja huitwa kusahihisha mitihani ya taifa. Juni mwingine yuko kijijini kwao anavuna mahindi, kwa sababu mshahara peke yake hautoshi. Ukimwita kwenye semina wakati huo, la kwanza atakalouliza ni nauli na posho. Watu humcheka kwa hilo. Mimi simcheki, maana umemwondoa shambani.

Hata hivyo, ubaya mkubwa wa semina ya likizo si posho. Ni kusahau. Turudi kwa wale makarani, ambao wengine wao walikuwa walimu hao hao. Walifundishwa muda mfupi tu kabla ya siku ya kuhesabu, kisha wakaingia mitaani na kifaa kile kile walichofundishiwa. Aliyekwama alimuuliza mwenzake au msimamizi wake papo hapo. Mwalimu wa semina ya Juni anafundishwa mambo 20 kwa siku tatu, anarudi nyumbani, na shule inapofunguliwa Julai amebakiwa na namna ya kuwasha na kuzima. Kifaa kinaingia kabatini. Hatuwezi kumwita mtu huyo mzito wa kuelewa.

Kwa hiyo nasema wakati unaofaa ni siku za shule zenyewe, kidogo kidogo, saa moja kila wiki. Ajifunze leo namna ya kupata kitabu cha Taasisi ya Elimu kwenye kishikwambi, na kesho akitumie darasani. Utaratibu wa kuanzia upo. Mafunzo endelevu ya walimu kazini, yale yanayoitwa MEWAKA, yanataka walimu wakutane shuleni kwao katika jumuiya za ujifunzaji. Tatizo ni pale saa hiyo inapowekwa baada ya vipindi vyote. Kiwango cha Serikali kwa shule ya msingi ni wanafunzi 45 kwa mwalimu mmoja, lakini ziko shule ambako darasa moja lina watoto 90. Akifundisha masomo matatu hapo, ana madaftari 270 mezani. Saa kumi jioni unamwambia aje kujifunza kompyuta! Atakuja, atasaini mahudhurio, atasinzia.

Saa hiyo itolewe ndani ya muda wa kazi. Watoto watakosa kipindi? Wapewe usafi, michezo au kujisomea chini ya walimu wa zamu, na hao wa zamu wapate nafasi yao wiki inayofuata. Nami nisingechagua Ijumaa, kuna swala. Wala Septemba kwa shule za msingi, darasa la saba wako kwenye mtihani. Wala Novemba kwa sekondari, kwa sababu hiyo hiyo. Januari ni vurugu ya kuandikisha. Februari na Machi kuna utulivu, na Julai na Agosti vivyo hivyo.

Ratiba ya muhula hupangwa na walimu wenyewe, mwalimu mkuu akaidhinisha. Basi saa hiyo iandikwe humo mapema, Jumanne au Jumatano, kabla Hisabati na Kiingereza hazijagawana wiki nzima, na afisa elimu anayekuja kukagua aulize imetumikaje.