Mwendo Hupimwa Juu ya Ardhi: Tathmini ya Watoto Wenye Mtindio wa Ubongo Kaskazini mwa Turkana

Miongoni mwa wataalamu wa tiba ya viungo upo msimamo unaodai kwamba mwendo wa mtoto mwenye mtindio wa ubongo, yaani mtoto ambaye ubongo wake ulidhurika kabla haujakomaa na kwa hiyo hawezi kuutawala vyema mwili wake, hauwezi kupimwa kwa uhakika pasipo maabara ya mwendo. Maabara hiyo ni chumba chenye kamera zinazofuatilia alama zilizobandikwa kwenye viungo vya mtoto, na mabamba ya sakafuni yanayopima nguvu ya kila hatua. Kwa kuwa chumba cha namna hiyo hakipatikani katika miji ya Turkana ya Lokitaung wala Lodwar, watetezi wa msimamo huo huhitimisha kwamba kinachofanywa huko ni makisio matupu. Mhadhara huu unashikilia kwamba hitimisho hilo ni potofu, na kwamba upotofu wake hautokani na vifaa bali na swali linaloulizwa.

Historia ya maradhi haya tangu maelezo ya William John Little ya mwaka 1861 inajulikana na haina haja ya kurudiwa. Vivyo hivyo ngazi tano za uwezo wa mwili zilizotolewa mwaka 1997 na Robert Palisano, Peter Rosenbaum na wenzao wa Chuo Kikuu cha McMaster, Kanada, ambazo huanzia kwa mtoto anayetembea bila msaada na kuishia kwa yule asiyeweza hata kukisimamisha kichwa chake barabara.

Haki inadai kwamba maabara ipewe sifa yake. Mtoto anayekanyagia vidole huku magoti yamekunjika akirefushwa kano ya kisigino pekee, huenda baada ya upasuaji akazidi kuchutama anapotembea, na vipimo vya pembe za viungo humsaidia daktari kuliepuka kosa hilo. Hata hivyo, uamuzi wa upasuaji ni sehemu ndogo ya maamuzi yanayomhusu mtoto, na hata hapo pengo si kubwa kama linavyodaiwa, kwa kuwa kipimo cha Edinburgh cha mwaka 2003 hutumia picha za video za kawaida kukagua mambo 17 katika kila mguu. Zaidi ya hayo, kungoja kuna gharama: utafiti wa watoto 657 wa Ontario, uliochapishwa mwaka 2002, ulionyesha kwamba watoto hawa hufikia asilimia 90 ya uwezo wao wa mwili wanapokaribia umri wa miaka mitano au mapema zaidi, kwa hiyo anayeambiwa asubiri rufaa ya mbali hupoteza miaka isiyorudi.

Lakini hoja nzito kuliko zote ni sakafu yenyewe. Maabara hueleza namna mguu unavyokwenda mahali palipo tambarare, pakavu na pafupi, ilhali mtoto wa Lokitaung huishi juu ya mchanga, mawe na kingo za laga, yaani mito ya msimu, na familia yake huenda ikahama kufuata malisho. Katika kliniki moja ya kaskazini mwa Kenya mhadhiri alipata kumwona binti mdogo aliyevuka sakafu ya saruji bila msaada na kuandikiwa kwamba anatembea vizuri, kisha mama yake akambeba mgongoni mara tu walipofika penye mchanga; alipoulizwa sababu, mama alijibu kwamba huyo hutembea hospitalini tu.

Vipimo visivyohitaji maabara navyo vina dosari zake. Kipimo cha McMaster chenye majaribio 88, kinachoanzia kulala na kugeuka hadi kukimbia na kuruka, kina majaribio ya ngazi za kupanda na kushuka, ambazo mtoto wa manyattani huenda hajapata kuzikanyaga. Tena, ngazi ya tatu kati ya zile tano humtambua mtoto kwa fremu au magongo anayotembelea. Asiyewahi kupewa kifaa chochote hutambaa au hubebwa, na mpimaji asiye mwangalifu humshusha hadi ngazi ya nne, umaskini wa vifaa ukahesabiwa kuwa udhaifu wa mwili.

Kwa sababu hiyo kipimo kinachostahili kutangulizwa ni kile cha Kerr Graham na wenzake wa Melbourne, kilichotolewa mwaka 2004. Kipimo hiki huuliza mtoto anakwendaje katika mita 5, 50 na 500, umbali unaowakilisha nyumbani, shuleni na nje katika jamii, na kila umbali hupewa namba kuanzia 1, kwa anayetumia kiti cha magurudumu, hadi 6, kwa anayetembea peke yake juu ya ardhi ya kila aina, ikiwamo yenye mashimo. Ubora wake ni kwamba hurekodi anachofanya mtoto siku zote badala ya anachoweza kufanya akitazamwa, na kwamba mtoto mmoja huweza kupata namba tatu tofauti bila kupingana. Upungufu wake ni kwamba mtoto anayebebwa mgongoni hana namba yake ya pekee. Jambo hilo lapaswa kuandikwa waziwazi kando ya namba.

Marekebisho ya namna hiyo si mageni katika eneo hili, kwani Uganda imekwisha kuwa na toleo lake la dodoso la Marekani la uwezo wa watoto. Utafiti mwingine wa huko, uliochapishwa mwaka 2017, ulikadiria watoto 2.9 wenye mtindio wa ubongo katika kila 1,000, na takriban robo yao walidhurika baada ya kipindi cha uchanga, mara nyingi kwa malaria kali. Kamera haiwezi kusema kama mtoto alikuwa akitembea kabla ya homa hiyo, mama anaweza.

Basi kaskazini mwa Turkana ushahidi wa mlezi uandikwe kwanza, mtoto atembezwe nje kwenye njia ya kisimani au shuleni, arekodiwe kwa simu, na apewe kifaa cha kutembelea kabla ya kupangiwa ngazi. Maabara ikija itaongeza maarifa, lakini mpimaji atakayeitumia bado atalazimika kutoka nje.