Majani Nayo ni Akiba

(Mazungumzo ya Kamati ya Mifugo siku ya maadhimisho ya miaka 10 ya kikundi chetu, Kansay)



Wenzetu wameshasoma risala na taarifa ya fedha. Sisi wa Kamati ya Mifugo tumepewa dakika chache tuzungumzie jambo moja tu, nalo ni chakula cha mbuzi na kondoo wakati wa kiangazi. Labda wapo wanaojiuliza, kikundi cha kuweka na kukopa kinaingiaje kwenye habari za majani? Tutaeleza.

Mikopo yetu mingi imenunua mbuzi na kondoo. Mama anakopa mwezi wa pili au wa tatu, majani yamejaa kila mahali, ananunua majike mawili. Ikifika Septemba na Oktoba malisho yamekwisha, mnyama amekonda, na marejesho yanadaiwa. Basi anampeleka mnadani Karatu. Huko anakuta kila mtu kaleta aliyekonda, na mnunuzi anataja bei anayotaka yeye. Mama anarudi na fedha isiyofikia hata ile aliyonunulia. Mbuzi hana, deni analo. Jamani, wangapi tulioketi hapa hayajatukuta hayo?

Ukame mkubwa tumeushuhudia. Mwaka 2009 wafugaji wenzetu wa Ngorongoro, Monduli na Longido walipoteza mifugo mingi mno, na ule wa 2021 hadi 2022 uliua tena mifugo mingi kaskazini mwa nchi yetu. Lakini kwa hasara tunayoisema hapa, hatuhitaji ukame wa namna hiyo. Miezi mitatu ya kawaida kabla ya mvua kurudi inatosha kummaliza mama.

Tulipoanza kutafuta dawa ya jambo hili, tulitoa fedha sandukuni tukanunua hei iliyoletwa kwa gari. Palikuwa na ugomvi mkali. Baadhi yetu walisema hisa za watu haziwezi kugeuzwa nyasi. Na kweli tulikosea, maana tulinunua kwa macho. Marobota yalikuwa makubwa, lakini tulipoyapima mengine hayakufika hata kilo 10. Baadaye tukaamua kutengeneza hei yetu wenyewe. Wahenga walisema akiba haiozi. Ya kwetu ya kwanza ilioza! Tuliifunga ikiwa bado na unyevu, tukaipanga chini sakafuni, ikaota ukungu, tukaitupa yote.

Kutokana na makosa hayo tumejifunza mambo manne.

Kwanza, hei inunuliwe kwa kilo. Tuseme robota la kilo 20 ni shilingi 6,000. Hapo kilo moja ni shilingi 300. Robota lililolegea la kilo 10 kwa shilingi 4,000 linaonekana rahisi, kumbe kilo moja ni shilingi 400. Mizani ya kupimia maharage inatosha kuujua ukweli.

Pili, chakula cha bei nafuu kuliko vyote ni kile kinachobaki shambani kwetu wakati wa mavuno. Mabua ya mahindi, maganda ya maharage, mabaki ya ngwara na mbaazi, vyote ni chakula. Ngwara na maharage vina lishe kuliko mabua, kwa hiyo vichanganywe. Mabua yakatwekatwe kwa panga, kwa sababu mbuzi ni mchaguzi, akipewa bua zima anakula majani na kuacha shina. Chakula kiwekwe kwenye hori lililoinuliwa. Kikikanyagwa hakigusi tena.

Tatu, majani ya hei yakatwe yanapoanza kutoa maua. Ukingoja yakomae sana, unafunga vijiti. Yaanikwe siku mbili au tatu za jua, yageuzwe, ndipo yafungwe. Sanduku letu la mbao lina urefu wa sentimita 85, upana 55 na kina 45, halina mfuniko wala kitako. Unatandika kamba, unajaza majani huku unakanyaga, unafunga. Ukikanyaga sawasawa unapata kilo 15 hadi 20. Marobota yakae juu ya kichanja, mbali na ukuta, chini ya paa lisilovuja. Yenye ukungu usimpe mnyama, hasa jike mwenye mimba.

Nne, hesabu ifanywe mapema. Mbuzi wa kilo 30 anahitaji kama kilo moja ya chakula kikavu kwa siku. Mwenye wanyama watano kwa siku 90 anahitaji kilo 450. Kama nusu watajitafutia wenyewe, anabakiwa na kilo 225, yaani marobota 15 ya kilo 15. Kumbe si mlima! Ni kazi ya siku chache tukisaidiana.

Sasa tuna ombi kwa akina baba. Wazee wetu kule Mbulu walilaza mifugo nyumbani, wakailisha mabaki ya shamba, na samadi wakairudisha shambani. Kwao bua halikuwa takataka. Siku hizi mavuno yakiisha, shamba linaachiwa mifugo ya yeyote apitaye, au baba anamuuzia mwenye ng'ombe mabua bila mama kuulizwa. Mbuzi ni wa mama, na deni ni la mama. Tunaomba kabla ya kuuza mkae wote wawili, mtoe kwanza marobota ya nyumbani.

Na kwenu akina mama wenzetu, tunaleta hoja mbili kwenye mkutano ujao. Anayekopa kwa ajili ya mbuzi aonyeshe kwanza kichanja chake. Na mwezi Juni kila mwaka itengwe mikopo midogo ya kununulia na kukusanyia majani. Tunajua wapo watakaopinga, na wana haki yao. Tunachoomba ni kwamba kila mmoja, kabla ya kupiga kura, amkumbuke mbuzi wake wa mwisho alivyomuuza, na kwa bei gani.

Sanduku la fedha lina kufuli tatu na tunalilinda. Na hili la mbao tulilinde.