Bei Iandikwe: Imani Katika Duka la Mtandaoni



Nianze na kanga. Mwaka 1887 Kaderdina Hajee Essak, aliyejulikana kama Abdulla, alianza biashara Mombasa, na mpaka leo ukiikunjua kanga ya duka lake utasoma pembeni: K.H.E., Mali ya Abdulla. Akina mama wengi walioinunua mbali na Mombasa hawakumwona Abdulla maishani mwao. Waliiona alama, wakajua rangi haitachuja, na ikichuja wanajua wa kumlaumu. Mtu yule aliwauzia watu asiowajua, akiwa mbali nao, kwa kutegemea maandishi. Kijana wa Kariakoo mwenye simu mkononi anafanya kazi hiyohiyo leo. Vyombo vimebadilika, lakini swali ni lilelile: mtu asiyekujua akuamini kwa lipi?

Nilikaa asubuhi moja na dada anayeuza vitenge hapo Kariakoo, karibu na Mtaa wa Kongo. Duka lake ni nusu fremu. Nusu nyingine ni ya muuza mikoba. Mzigo ulifika saa tatu. Akatundika kitenge cha buluu mlangoni, akakinyoosha kwa kiganja, akapiga picha na kuiweka Instagram na kwenye stetasi ya WhatsApp. Chini yake akaandika: "Mzigo mpya umeingia. Bei njoo inboksi." Kufikia adhuhuri watu kumi na mmoja walikuwa wameuliza bei. Yeye alikuwa anapimia watu waliosimama mbele yake, simu iko chini ya meza. Alipopata nafasi ya kujibu, wengi walikuwa wameshanyamaza.

Nikamuuliza kwa nini haandiki bei. "Majirani wataiona, mwalimu. Kesho wanashusha mia tano."

Hofu yake ni ya kweli, na sitaki kuidharau. Kariakoo fremu zimebanana, na mara nyingi mzigo wa duka hili na wa lile umetoka kwa mwagizaji mmoja. Lakini jirani anayetaka kujua bei yako hashindwi: humtuma mtoto aje aulize. Anayeshindwa ni mteja wa Dodoma aliyeona picha saa nne usiku, akiwa amechoka, na hana nguvu ya kuanza mazungumzo na mtu asiyemjua. Mteja huyo pia anajiuliza kama bei atakayotajiwa itapimwa kwa picha yake ya wasifu. Dukani mapatano yana haki yake, kwa sababu mnunuzi anakishika kitambaa na anaweza kuvuka kwenda kwa jirani. Mtandaoni mkono wake haufiki. Akifichiwa bei pia, amebakiwa na nini cha kumtuliza? Wala bei iliyoandikwa haiui mapatano. Inayapa pa kuanzia.

Baada ya bei inakuja hofu kubwa zaidi, ya kutuma pesa kabla ya kuona mzigo. M-Pesa ilianza Kenya mwaka 2007 na Tanzania mwaka uliofuata, ikatuondolea tabu ya kubeba noti safarini. Haikutuondolea woga wa kutapeliwa. Hapa yule dada alinifundisha mimi. Akishafunga kifurushi hukipiga picha kikiwa na jina la mteja, hukipeleka kwenye basi, kisha humtumia mteja picha ya risiti pamoja na namba ya simu ya konda. Ile risiti iliyokunjamana inauza kuliko tangazo lolote la kulipia. Mteja akiupokea mzigo humwonyesha shoga yake risiti hiyo, na shoga naye anaomba namba ya duka.

Namba za wateja kama hao ndizo mali. Wafuasi elfu kumi wa Instagram si wako. Wenye mtandao ndio wanaoamua nani aone picha yako na nani asiione. Orodha ya matangazo ya WhatsApp ya kawaida inabeba watu 256 tu, na ujumbe unamfikia yule tu aliyeihifadhi namba yako kwenye simu yake. Wengi wanakiona hicho kama kikwazo. Mimi nakiona kipimo cha haki: aliyekuhifadhi kwa jina amekwisha kukukubali. Tarehe 4 Oktoba 2021 Facebook, Instagram na WhatsApp zilizimika zote kwa takriban saa sita. Muuzaji mwenye daftari la namba aliweza kupiga simu na kuendelea na kazi. Asiyekuwa nalo alikuwa amefungiwa duka na mtu asiyemjua. Daftari hilo nalo ni amana: tangu Mei 2023 Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi inayofanya kazi, kwa hiyo usimpe mtu mwingine namba ya mteja bila mwenyewe kuridhia.

Kuhusu matangazo ya kulipia sitasema mengi. Yanasaidia duka ambalo tayari linajibu ujumbe haraka na kutuma mzigo kwa wakati. Duka lisilofanya hivyo linalipia watu wengi zaidi waje kuona udhaifu wake.

Wanafunzi wangu wa biashara nawaomba kitu kimoja. Msiende Kariakoo na Manzese kuwahubiria akina mama hawa. Nendeni mkae nao asubuhi nzima, muwajibu wateja wao pale wanapokuwa na foleni, ndipo muandike tasnifu zenu. Nanyi wafanyabiashara, leo usiku kabla hamjalala, fungueni simu, mrudi kwenye picha kumi za mwisho mlizoweka, na chini ya kila moja muandike bei.