Uhuru wa Moyo katika Mafunzo ya Imamu Ghazali

(Hotuba iliyosomwa mbele ya jamaa wa Kiislamu siku ya kumbukumbu ya chama)



Katika mwaka 1095, mjini Baghdad, mwalimu mmoja aliyekuwa na wanafunzi 300 alitaka kusomesha, na ulimi ukamkataa. Hakuwa amepigwa wala hakuwa mgonjwa wa koo. Alijikaza siku moja aseme japo kidogo, ili awafurahishe wale waliokuja kumsikiliza, lakini neno halikutoka. Kisha huzuni ikamshuka moyoni hata chakula kisipite. Matabibu walimtazama, wakaona kwamba ugonjwa umeanza moyoni ukaenea mwilini, wala hauna dawa mpaka moyo utulizwe na lile lililousonga. Mwalimu huyo alikuwa Imamu Abu Hamid Muhammad al-Ghazali, na darasa lake lilikuwa katika Madrasa ya Nizamiyya, ambayo katika zama zile haikuwa na nyingi za kulingana nayo kwa heshima.

Yafaa ijulikane alikotoka, maana hakuzaliwa katika ukubwa. Alizaliwa Tus, katika nchi ya Khurasan, ambayo leo imo katika Iran, mwaka 1058, yaani 450 wa Hijriya. Baba yake alikuwa fukara, msokotaji wa sufu, naye alipofariki aliwaacha wanawe wawili, Muhammad na Ahmad, mikononi mwa rafiki mcha Mungu. Fedha kidogo aliyoiacha ilipokwisha, yule rafiki aliwashauri waingie madrasa, kwa kuwa huko mwanafunzi hupewa chakula. Hivyo ndivyo safari yake ya elimu ilivyoanza, kwa njaa, na Imamu mwenyewe hakuona haya kuikumbuka baadaye.

Imesimuliwa vilevile kwamba katika ujana wake, alipokuwa akirejea Tus kutoka Jurjan, wanyang'anyi waliuvamia msafara wakachukua vyote. Yeye akamfuata mkubwa wao, akamsihi amrudishie mfuko mmoja tu, ambao haukuwa na kitu cha kumfaa mwizi. Ndani yake mlikuwa na madaftari ya elimu aliyoisafiria. Yule mnyang'anyi alicheka, akamwuliza vipi anadai kuijua elimu hiyo ilhali imechukuliwa naye akabaki hana kitu. Akaamuru arudishiwe mfuko. Ghazali aliyapokea maneno yale kama kwamba Mungu ndiye aliyemtamkisha mwizi, akakaa miaka 3 akihifadhi yaliyomo, hata asiweze kuporwa tena. Si kila mwalimu huvaa kilemba.

Alisoma Nishapur kwa Imamu al-Haramayn al-Juwayni mpaka sheikh huyo alipofariki mwaka 1085. Na mwaka 1091 Waziri Nizam al-Mulk akamweka Baghdad. Hapo alipata kila kitu ambacho mwana wa msokotaji sufu angeweza kukiota. Mawaziri walimsikiliza, na wanachuoni walikuja kuketi mbele yake. Ndipo alipoanza kujihesabu, akaiuliza nafsi yake kwa nini inasomesha. Jibu alilolipata aliliandika wazi katika kitabu chake al-Munqidh min al-Dalal: nia yake haikuwa safi kwa ajili ya Mungu, kilichomsukuma kilikuwa ni kutafuta cheo na kuenea kwa sifa. Muda wa miezi karibu 6, tangu Rajabu ya mwaka 488, alivutwa huku na huku. Asubuhi huazimia kuondoka, na jioni azma huvunjika. Mtu ambaye fatwa zake zilikuwa zikitumwa mbali hakuweza kuiamuru nafsi yake mwenyewe itoke mlangoni.

Mwisho akatoka. Aliigawa mali yake, akabakisha ya kuwatosha watoto, akatangaza kwamba anakwenda Makka, kwa kuogopa kuzuiwa, ilhali moyoni alikusudia Sham. Huko Dimishki alikaa karibu miaka 2, akipanda juu ya mnara wa msikiti na kujifungia mchana kutwa. Alikwenda Baitul Muqaddas, akazuru kaburi la Nabii Ibrahim katika mji wa al-Khalil, kisha akahiji. Wala hakujisifu kwamba upweke ule ulikuwa safi daima: alikiri kuwa mahitaji ya maisha na wito wa watoto vilimrudisha nyumbani, na kwamba utulivu kamili aliupata kwa nyakati chache chache. Ukweli wa namna hii ni adimu kwa watu wanaoandika habari zao wenyewe.

Katika miaka hiyo ndipo kilipotungwa kitabu cha Ihya Ulum al-Din, chenye vitabu 40 ndani yake, kilichopendwa mno na masharifu wa Hadhramaut, nao wakaja na mapenzi hayo hata Lamu na Unguja, ambako walimu wetu wengi wa bara wana asili ya elimu yao. Katika robo ya tatu ya Ihya, Imamu anaueleza moyo kama mfalme katika mji wake. Akili ni waziri wake. Matamanio ni mtumwa anayeuletea mji chakula, na hasira ni mkuu wa askari. Mtumwa yule ni mjanja, huja na shauri lenye sura ya wema na ndani yake mna sumu. Na mfalme akimsikiliza yeye akamwacha waziri, mji huharibika. Basi mtu aliyetawaliwa na tamaa, katika mfano huu, ni mfalme aliyevuliwa taji akawekwa kumpigia magoti mtumwa wake, hata kama nje anaitwa bwana na watu wakimpisha njiani.

Lakini Imamu hakusema mtumwa auawe. Hapo wengi hukosea, wakadhani kuwa uchaji ni kuing'oa hasira na shahawa kabisa. Yeye aliwajibu kwamba hamu ya chakula ikikatika mtu hufa, na hasira ikikosekana kabisa mtu hatajikinga na kinachomwangamiza. Alileta mfano wa mwindaji: akili ni mpanda farasi, matamanio ni farasi wake, hasira ni mbwa wake. Bila farasi na mbwa hakuna windo. Na kwa wale waliosema kuwa tabia ya mtu haibadiliki, aliwaonyesha kokwa ya tende. Kokwa si mtende, wala si tunda jingine. Ila ikilelewa huwa mtende, na hata ikilelewa vipi haitakuwa mtofaha. Aliyetaka uhuru na ajue kipi kimewekwa mikononi mwake na kipi hakikuwekwa.

Kuhusu mawazo yanayopita akilini, Imamu alifafanua kwa uangalifu mkubwa, na wasiwasi umewatesa Waislamu wengi kwa kutoyajua maneno haya. Aliyapanga katika daraja 4. Na tuchukue mfano wa mtunza hazina wa chama chochote, aliyeketi peke yake usiku na sanduku la michango mbele yake. Kwanza humjia wazo kwamba fedha hii hakuna aliyeihesabu bado. Pili, nafsi yake huelekea huko. Daraja mbili hizi haandikiwi dhambi, kwa sababu hazikuingia kwa hiari yake. Na mwenye kujichukia kwa ajili yake anajiadhibu bure. Tatu, moyo huhukumu kwamba jambo hilo lafaa litendwe, na hapa, akihukumu kwa hiari, hesabu huanza. Nne, huazimia. Akiisha azimia, kisha akaurudisha mkono kwa kumcha Mungu, huandikiwa jema. Bali akiurudisha kwa sababu amesikia nyayo za mwenziwe mlangoni, hilo ni jambo jingine. Mlango wa uhuru basi uko baina ya daraja ya pili na ya tatu, nao ni mwembamba.

Mtu atazijuaje aibu zake? Imamu alitaja njia kadhaa: sheikh mwenye kuona, rafiki mkweli, kutazama makosa ya watu na kujitafuta ndani yake, na ulimi wa adui. Hii ya mwisho ndiyo iliyo nzito. Alisema kwamba pengine mtu hunufaika zaidi na adui anayemtolea aibu zake kuliko rafiki anayempaka mafuta. Katika vyama vyetu mambo huwa kinyume: anayesema hesabu haikusomwa huitwa mfitini, na anayesifu hupewa kiti cha mbele.

Si wote walioipokea Ihya kwa furaha. Huko Andalusi ilichomwa moto kwa amri ya watawala wa Murabitun, wakati mwenyewe angali hai. Na wanachuoni wa Hadithi, miongoni mwao Hafidh al-Iraqi aliyefariki mwaka 1404, waliichambua na kubainisha Hadithi dhaifu zilizomo. Kazi hiyo haikupunguza thamani ya kitabu; imemsaidia msomaji.

Mwaka 1106 Imamu alikubali kusomesha tena, huko Nishapur. Alieleza kwamba japokuwa amerudi kwenye darasa, hakurudi kule alikokuwa: zamani aliifundisha elimu ya kuchumia cheo, na sasa anafundisha elimu ya kukiacha. Halafu akaenda zake Tus, akakaa na wanafunzi wake kando ya nyumba yake. Baghdad ikamwita arejee kwenye kiti chake cha zamani. Alijibu kwamba ana wanafunzi 150 ambao hawezi kuwaacha, na kwamba mbele ya kaburi la Nabii Ibrahim aliweka nadhiri asiende kwa sultani yeyote, asipokee mali yake, wala asiingie katika mabishano ya hadhara. Na kiti cha Baghdad hakikaliki bila ya mambo hayo. Akabaki Tus. Alifariki huko siku ya Jumatatu, tarehe 14 Jumada al-Akhira mwaka 505, sawa na Desemba 1111, katika mji ule ule ambao baba yake alisokotea sufu.

Wabillahi tawfiq.