Deni la Shule na Ramani ya Kura

Natumaini taa zinawaka na kila mtu ana daftari lake. Leo namwomba mwalimu wa kila darasa aweke mezani punje 9 za mahindi na punje 6 za kunde. Tutazitumia baadaye, kwa hiyo msizitafune.

Katika barua zenu, mwanafunzi mmoja ameuliza hivi: Je, mahakama yaweza kumzuia Rais? Swali hili ni zuri, na jibu lake nitalitafuta Marekani. Katika mwezi mmoja tu, Juni 2023, Mahakama ya Juu ya nchi hiyo ilitoa hukumu mbili kubwa. Moja ilimzuia Rais. Nyingine ilikataa ramani iliyochorwa na bunge la jimbo. Zote mbili aliziandika mtu mmoja, Jaji Mkuu John Roberts.

Tuanze na deni. Vijana wengi wa Marekani huenda chuo kikuu kwa fedha za kukopa, na mkopeshaji mkubwa ni serikali yenyewe. Mtu akimaliza masomo hulipa kidogo kidogo kila mwezi, pamoja na riba. Riba ni fedha inayoongezwa juu ya deni. Kwa sababu hiyo wako watu waliolipa miaka mingi, na wakitazama hesabu wanaona deni limebaki pale pale, au limezidi. Mimi nami nilisoma kwa mkopo, na kila mwisho wa mwezi hukatwa mshahara, basi habari hizi sizisomi kama hadithi ya watu wa mbali.

Mwezi Agosti 2022 Rais Joe Biden alitangaza kwamba atawasamehe wadaiwa. Mtu ambaye mapato yake kwa mwaka hayafiki dola 125,000 angesamehewa hadi dola 10,000. Aliyesoma kwa msaada ule wanaopewa wanafunzi wa jamaa maskini angesamehewa hadi dola 20,000. Watu wapatao milioni 43 wangeweza kupata nafuu hiyo, na gharama yake ilikadiriwa kuwa kama dola bilioni 400. Mamilioni ya watu walijaza fomu katika muda wa majuma machache.

Sasa sikilizeni vizuri, kwa maana hapa ndipo somo letu la kusoma lilipo. Rais hakwenda Bungeni kuomba sheria mpya. Alitumia sheria ya mwaka 2003, iliyotungwa wakati wa vita ili askari walioko vitani wasibanwe na madeni ya shule. Sheria hiyo inampa Waziri wa Elimu ruhusa ya kuondoa au kurekebisha masharti ya mikopo wakati wa vita au wa hatari kwa taifa. Serikali ikasema: ugonjwa wa Korona ni hatari kwa taifa, na kufuta deni ni kurekebisha masharti.

Majimbo 6 yakashtaki. Lakini mahakamani huwezi kusimama na kusema tu kwamba jambo hulipendi. Sharti uonyeshe limekudhuru. Jimbo la Missouri lilikuwa na shirika lake linalokusanya malipo ya mikopo hiyo na kupewa ujira. Madeni yakifutwa, shirika hilo lingepoteza kama dola milioni 44 kwa mwaka. Huo ndio mlango walioingilia.

Tarehe 30 Juni 2023 majaji 6 walikubaliana kwamba Rais amepita mpaka. Walisema neno kurekebisha maana yake ni kubadili kidogo, nalo haliwezi kubeba mzigo wa dola bilioni 400. Ukitaka kutengeneza nyumba unaziba ufa. Ukiibomoa na kujenga nyingine, hilo si tengenezo tena. Majaji 3 walikataa. Jaji Elena Kagan aliandika kwa niaba yao kwamba maneno ya sheria ni mapana ya kutosha, na kwamba mahakama ndiyo iliyopita mpaka, kwa kujitwalia kazi ya Bunge na ya serikali. Mimi naona pande zote mbili zilisoma mstari ule ule, na neno moja tu likaamua kama watu milioni 43 watalala na deni au bila deni. Kwa hiyo yule mwenzetu anayeuliza kila siku kwa nini tunasumbuliwa na maana za maneno, leo amepata jibu.

Serikali ya Biden ilitumia njia nyingine, kama ile ya sheria ya mwaka 2007 inayomsamehe mtu aliyefanya kazi ya umma miaka 10, mwalimu au muuguzi, huku akilipa kila mwezi. Kufika Januari 2025 zaidi ya watu milioni 5 walikuwa wamesamehewa kwa njia hizo.

Haya, sasa punje. Fanyeni kuwa kila punje ni mpiga kura. Mahindi ni 9, kunde ni 6. Gawanyeni mafungu 3, kila fungu punje 5, na kila fungu litoe mjumbe mmoja. Kwanza wekeni kunde 2 katika kila fungu. Mahindi yameshinda yote 3. Changanyeni tena. Fungu la kwanza kunde 3 na mahindi 2. La pili vivyo hivyo. La tatu mahindi matupu. Hesabuni. Kunde, waliokuwa wachache, wamepata wajumbe 2 kati ya 3! Hakuna kura iliyoibwa. Mchoraji wa mipaka ndiye aliyefanya kazi.

Sisi mafungu hayo huyaita majimbo ya uchaguzi, lakini kwa kuwa Alabama yenyewe ni jimbo, leo tuyaite wilaya. Marekani watu huhesabiwa kila miaka 10, kisha wilaya huchorwa upya, na mahali pengi wachoraji ni wabunge wa jimbo wenyewe. Alabama ina wilaya 7. Zaidi ya robo ya watu wake ni weusi, lakini katika ramani ya mwaka 2021 weusi walikuwa wengi katika wilaya 1 tu. Wengi walirundikwa humo; waliobaki wakatawanywa, wasitoshe popote. Wananchi wakashtaki kwa sheria ya haki ya kura ya mwaka 1965, sheria iliyopatikana baada ya watu kupigwa njiani walipokuwa wakiandamana kutoka Selma, mji wa Alabama hiyo hiyo.

Tarehe 8 Juni 2023 wakashinda, kwa majaji 5 dhidi ya 4. Bunge la Alabama likachora ramani nyingine, na humo weusi bado walikuwa wengi katika wilaya 1 tu. Mahakama ya taifa ya ngazi ya chini ikaikataa nayo, ikaweka mchoraji wake. Novemba 2024 wilaya ya pili ilimchagua Shomari Figures, na kwa mara ya kwanza Alabama ikapeleka wajumbe wawili weusi pamoja katika Baraza la Wawakilishi.

Ila mjue hili: mwaka 2019 Mahakama ya Juu hiyo hiyo ilisema kwamba mipaka ikipindwa kwa faida ya chama tu, si kwa sababu ya rangi, mahakama za taifa hazitasikiliza malalamiko. Mwaka 2025 bunge la Texas lilichora ramani upya kabla ya hesabu ya watu kufika, ili chama chake kipate viti zaidi. California ikajibu kwa ramani yake, na wapiga kura wake wakaikubali Novemba mwaka huo.

Kwa juma lijalo, chukueni punje zile zile mjaribu kuwapa kunde mjumbe 1 tu. Andikeni katika daftari mlivyozigawa, na chini yake kila mtu aandike mistari mitatu: nani katika kijiji chenu angefaa kupewa kalamu ya kuchora mipaka, na kwa nini. Kwaherini.